Bahari Bado Haijazinduliwa

Nchi yetu ina jina, tena zuri, ila siwezi kulitaja. Lile la zamani lilifutwa mwaka juzi kwa sherehe kubwa, na jipya limeshachorwa kwenye vibao vyote vya Serikali, likafunikwa kitambaa, kwa kuwa bado halijazinduliwa. Kwa sasa ukiulizwa mpakani unatoka nchi gani, unajibu "hii hapa", na askari anakuelewa. Wapo wanaolalamika. Mimi silalamiki, maana naamini kitu kikianza kwa utaratibu hudumu.

Haya nayajua kwa sababu nimeyatumikia miaka thelathini na mmoja. Naitwa Asajile, na hadi nilipostaafu mwezi wa sita nilikuwa mpanga viti wa wilaya. Usicheke. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kila hafla ina meza kuu, meza kuu ina kitambaa cheupe na maua ya plastiki, na katikati pana kiti kimoja kikubwa kuliko vingine, ambacho hakikaliwi na mtu mpaka mgeni rasmi afike. Nimekilinda kiti hicho dhidi ya watoto, kuku, wachungaji wawili na mwalimu mkuu mmoja aliyezidiwa na jua. Kwetu hakuna jambo linaloanza kabla ya mgeni rasmi. Daraja likikamilika, watu huendelea kuvuka mto chini yake, maji kiunoni na viatu mkononi, mpaka aje akate utepe. Hata binti yetu Sekela alizaliwa katika wodi mpya, mgeni rasmi wake akiwa bado yuko njiani, na mkunga aliandikiwa barua ya onyo.

Nilipostaafu nilipewa tuzo: juma zima la kutazama mandhari katika jiji la Ukingoni, mimi na mke wangu. Barua ilieleza kwamba tutaona ufukwe mpya wenye urefu wa kilomita nne, mabenchi, taa, "pamoja na bahari yake". Nilimsomea Mama Sekela barua hiyo mara tatu, kwa kuwa yeye alikuwa hawezi tena kusoma.

Jicho lake la kushoto lilikuwa limekufa mwaka uliotangulia. Presha ya macho, walituambia hospitali ya wilaya. La kulia lilibaki linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na bomba lenyewe lilikuwa likizidi kuwa jembamba. Daktari alitupa dawa ya matone, akatuambia bila kuzungukazunguka kwamba kama kuna kitu mama huyu anatamani kukiona, akakione sasa. Nikamuuliza anataka kuona nini. Nilidhani atasema wajukuu.

"Wajukuu nimewaona wakanitosha," akasema. "Nataka kuiona bahari."

"Kwa nini bahari, Mama Sekela?"

"Miaka arobaini nimepanga foleni pale kwenye chemchemi na ndoo yangu. Nataka nione maji yasiyo na foleni."

Basi tukafunga virago.

JUMATATU

Tulipokelewa na Bwana Mtondoo, Afisa Mkaribishaji Mwandamizi, kijana mnene mwenye suti ya buluu na kitambulisho kikubwa shingoni. Aliamkia vizuri, akambebea Mama Sekela mfuko, akatupa kofia mbili zilizoandikwa JUMA LA KUONA. Kisha akatutembeza jijini.

Siku hiyo tuliona mawe ya msingi kumi na manne. Tuliona jiwe la msingi la soko, jiwe la msingi la maktaba, na jiwe la msingi la kiwanda cha kuchonga mawe ya msingi. Kila jiwe lilikuwa na jina la aliyeliweka, cheo chake, na saa aliyoliweka, ambayo siku zote ilichelewa kwa muda wa saa sita kuliko ile iliyotangazwa. Nyuma ya mawe mengine palikuwa na majengo yaliyokwisha kamilika, yamevikwa kitambaa toka paa hadi chini. Bwana Mtondoo alitueleza Sheria ya Kutazama Mapema. Kitu ambacho hakijazinduliwa ni marufuku kukitumia, na ni marufuku pia kukiona.

"Na mtu akikiona kwa bahati mbaya?" nikauliza.

"Anatakiwa aripoti ndani ya saa ishirini na nne, mzee wangu, na aeleze alichokiona, ili kamati ikanushe."

Niliona ni busara. Nikaiandika kwenye kidaftari changu.

Mwisho wa matembezi tulifika ufukweni. Toka upande huu wa jiji hadi ule, mbele yetu lilisimama turubai la kijani, refu kama nyumba ya ghorofa mbili, limefungwa kwenye nguzo za chuma. Kila baada ya hatua ishirini palikuwa na picha ya Mheshimiwa Waziri wa Uzinduzi akitabasamu, mkasi mkononi. Nyuma ya turubai kulikuwa na sauti. Mama Sekela alinishika mkono wa shati, akainua uso wake juu kama anayenusa mvua.

"Baba Sekela, ni nini kile kinachopumua?"

"Ni mradi, mama," akajibu Bwana Mtondoo haraka. "Mheshimiwa anakuja kesho saa tatu asubuhi. Atauzindua, halafu mtaona mpaka mchoke."

Mama Sekela akacheka. Alikuwa hajacheka vile tangu jicho lake la kwanza lilipokufa, na mimi nikafurahi kuwa raia wa nchi hii.

JUMANNE

Saa tatu tulikuwa tumekaa. Tulikuwa watu mia nne, wastaafu wenye tuzo na wanafunzi waliotolewa darasani, sote tumevaa kofia. Meza kuu ilikuwa imewekwa mbele ya turubai. Nilipoitazama nilishtuka, kwa maana viti vya kushoto vilikuwa saba na vya kulia sita. Nilimnong'oneza Bwana Mtondoo, akaniomba nimsaidie, na kwa saa nzima nikapanga viti vya Jiji la Ukingoni kana kwamba nilikuwa bado mtumishi. Nikiri kwamba nilijisikia mtu.

Saa sita ngoma ilianza kuchezwa kwa ajili ya kumpokea. Saa nane wachezaji walikaa chini. Saa kumi lilifika gari moja, akashuka mtu mwenye bahasha. Mshereheshaji akatangaza kwamba Mheshimiwa Waziri, kutokana na majukumu mengi, amewakilishwa na Naibu wake, ambaye kutokana na majukumu hayohayo amewakilishwa na Katibu, ambaye naye amewakilishwa na dereva aliyeko mbele yetu. Tukapiga makofi.

Dereva alisoma salamu. Mheshimiwa alikuwa angependa sana kuwa nasi, isipokuwa alikuwa akizindua Mkakati wa Kupunguza Uzinduzi. Kisheria mwakilishi anaweza kupokea risala ila hawezi kukata utepe. Basi risala yetu ya kurasa ishirini na mbili ikasomwa yote, tena kwa kugeukia kile kiti kikubwa kitupu, kwa kuwa dereva hana hadhi ya kusomewa. Mshereheshaji akasema, kesho saa tatu.

"Kesho," nikamwambia Mama Sekela.

"Kesho si mbali," akajibu. Alikuwa amekaa muda wote ameelekeza jicho lake kwenye lile turubai, hapepesi.

JUMATANO

Hii ndiyo siku ninayotaka kuieleza polepole, na ndiyo siku ambayo ningependa kuiruka.

Mheshimiwa hakufika. Ilipotimu saa tisa watu wengi walikuwa wamelala vitini, kofia usoni. Mgambo wa zamu alikuwa ameenda kunywa chai. Mama Sekela akaniambia anataka kunyoosha miguu, nikampeleka taratibu kando ya turubai, nyuma ya mahema, mahali pasipo watu. Hapo upepo ulikuwa umechana turubai. Tundu lenyewe lilikuwa na ukubwa wa sahani, usawa wa kifua changu, yaani usawa wa uso wake. Lilikuwa likifunguka na kufungika kwa upepo, na kila likifunguka mwanga mkali ulitoka, ukampiga kwenye shavu.

Akasimama. "Baba Sekela. Hapa pana tundu."

"Naliona."

"Nichungulie?"

Tulikuwa hatua mbili. Hapakuwa na mtu. Nasema haya ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba palikuwa na askari. Nikaiona ile hatua yake ya kwanza, mguu wa kulia, na mwili wangu ukafanya kile ulichofanya kwa miaka thelathini na mmoja kila mtu alipokisogelea kiti kikubwa. Mkono wangu ukatangulia ukamzuia.

"Mama Sekela, umengoja maisha yako yote. Utaionaje bahari kwa kuiba, kama mwizi wa kuku? Kesho anakuja. Tutaiona tumekaa, kwa heshima, turubai limeshuka lote."

"Na kama kesho haji?"

"Atakuja. Wameahidi."

Akaurudisha mguu wake nyuma. Si kwa hasira, ni kama mtu anayekupisha. "Haya," akasema. "Wewe ndiye unayewajua hawa watu."

Tuliporudi vitini nilimwona Bwana Mtondoo. Wallahi sikukusudia. Mdomo ulijifungukia wenyewe, kama unavyomwambia mtu kwamba kamba ya kiatu chake imefunguka. Nikamwambia turubai limechanika kule nyuma ya mahema. Akanishukuru kwa mikono miwili, na dakika tano hazikupita kabla fundi cherehani hajafika na sindano ya magunia, akashona. Katika juma zima hilo ndilo jambo pekee nililoliona likifanywa papo hapo. Niliandikiwa hata barua ya pongezi. Mama Sekela alikuwa amekaa pembeni yangu wakati nikisema, akasikia kila neno, akaendelea kula njugu zake.

ALHAMISI

Asubuhi Mama Sekela aliamka na maumivu ya kichwa. Kufika saa nne jicho lilikuwa jekundu kama limemwagiwa pilipili, akatapika mara mbili, akasema taa za barabarani zina duara za rangi, ilhali ni mchana na taa hazijawahi kuwashwa kwa kuwa nazo hazijazinduliwa. Nilimshika kiunoni, Bwana Mtondoo akamshika upande wa pili, tukaenda Hospitali Mpya ya Macho. Nilishukuru Mungu kwamba ilikuwa palepale ufukweni, nyeupe, ghorofa nne, madirisha yanang'aa.

Mlangoni palikuwa na utepe mwekundu. Nyuma ya utepe, juu ya kiti, alikuwa ameketi daktari mwanamke kijana, koti jeupe lililopigwa pasi, mikono ameifumbata. Jina lake Daktari Salha. Nyuma yake niliona mashine zimefunikwa nailoni, na wauguzi kumi na wawili wamekaa mstari mmoja kwenye benchi, wanatazama sakafu.

"Shikamoo mama," akasema. "Samahani, hatujafunguliwa."

"Marahaba mwanangu," Mama Sekela akajibu, kisha akaegemea ukuta.

Daktari Salha aliinuka, akainama juu ya utepe bila kuugusa, akamtazama jicho kwa tochi ya simu yake. Alipoinua uso nilimwona amebadilika rangi.

"Presha imepanda ghafla. Inatakiwa ishushwe leo hii. Si kesho, leo. Dawa ninayo humu ndani, mashine ninayo, ni kazi ya nusu saa."

"Basi tuingie," nikasema.

"Mzee wangu, huu utepe."

"Tupite chini yake. Mke wangu ni mfupi, ataweza kuinama."

Akatikisa kichwa, machozi yanamlengalenga. Akanieleza kuhusu mwenzake wa kitengo cha meno, aliyemng'oa mtu jino kabla ya uzinduzi. Alishtakiwa kwa kuzindua bila mamlaka, akapata miaka mitatu, na mahakama ikaamuru jino lirudishwe. Nikauliza hospitali ya zamani. Hiyo ilikuwa imefungwa, tena yenyewe ilifungwa kwa wakati, kwani Mheshimiwa hupenda pia kufunga. Nikauliza basi la kwenda mji wa jirani. Stendi ya zamani ilibomolewa, na mpya ipo kwenye kitambaa. Bwana Mtondoo alikuwa amesimama kando anajifuta jasho kwa kofia yake, anasema, "Kesho atafika, mzee, kesho kwa hakika." Daktari Salha alifungua mkoba wake mwenyewe, akatoa vidonge viwili vya kutuliza maumivu, akavirusha juu ya utepe kwa kuwa kurusha hakujatajwa kwenye sheria. Nikavidaka.

Mama Sekela alivimeza bila maji. Tulikaa chini ya ukuta wa hospitali hadi jua lilipozunguka, kichwa chake mapajani pangu, dawa ya kumponya iko hatua sita kutoka tulipokaa.

IJUMAA

Nilimwacha chumbani na mke wa mstaafu mwenzangu, nikaenda Wizara ya Uzinduzi, Ofisi ya Jiji. Nilivaa suti yangu ya kustaafia na beji ya utumishi uliotukuka. Nilidhani beji itasaidia.

Afisa wa dirisha la kwanza alinisikiliza kwa upole mkubwa. Akasema uzinduzi wa dharura upo, kifungu cha tisa kinauruhusu, ila kifungu cha tisa chenyewe bado hakijazinduliwa. Dirisha la pili wakanipa fomu ya kuomba mgeni rasmi, ambayo huwasilishwa siku tisini kabla ya ajali. Dirisha la tatu lilikuwa dirisha jipya, limefunikwa. Nilizungumza nalo kwa muda, nikitumaini kuna mtu nyuma ya kitambaa.

Hatimaye Bwana Mtondoo, ambaye alinifuata kila nilikokwenda kama mtu mwenye deni la roho, akanipeleka kwa Mratibu wa Sherehe. Huyu alikuwa na habari njema. Mheshimiwa atafika kesho Jumamosi bila shaka yoyote, atazindua bahari kwanza, hospitali baadaye. Tena hospitali itazinduliwa na mgonjwa kabisa. Atafunguliwa bandeji jukwaani, mbele ya kamera, aseme anaona.

Moyo wangu uliruka. "Mheshimiwa Mratibu, mke wangu anaumwa jicho kweli. Mchukueni yeye. Mwacheni Daktari Salha amtibu leo, kesho mfungue bandeji."

Mratibu alinitazama kwa huruma. "Tatizo ni hilo hasa, mzee. Mkeo anaumwa. Mgonjwa rasmi anatakiwa awe ameshapona kabla hajaletwa. Tunaye Bwana Hamduni, yupo mazoezini mwezi wa tatu huu. Anafumbua macho vizuri sana, hata mimi hulia."

"Lakini Bwana Hamduni haumwi!"

"Ndiyo maana tuna uhakika naye."

Nilipiga magoti. Sikuwahi kumpigia magoti mtu maishani, hata wakati wa kuposa nilisimama. Mratibu alikuja mbele ya meza, akaniinua, akanipangusa vumbi la suruali kwa mkono wake, akasema watu kama mimi ndio nguzo ya taifa, na akaniomba nikitoka nikatupie jicho mpangilio wa viti vya kesho.

Nilikwenda. Nataka mjue hivyo. Nilifika uwanjani, nikakuta viti vya kulia vimepinda, nikavinyoosha. Sikuwa na jambo jingine ninalojua kulifanya.

JUMAMOSI

Jua lilikuwa limeshapanda, dirisha letu limejaa mwanga, mimi ninafunga viatu.

"Baba Sekela," akasema kitandani. "Mbona leo kunachelewa kucha?"

Nilisogea, nikapitisha mkono wangu mbele ya uso wake, mara moja, mara mbili. Hakupepesa. Nikakaa kando ya kitanda na kiatu kimoja mguuni.

"Ni saa mbili na nusu," nikamwambia.

Alijipapasa usoni. Kisha akasema maumivu yamepungua, akaniomba nimpe kitenge kile kipya, nimwangalie asije akavaa kinyume, tusichelewe.

Msafara ulifika saa kumi na moja kasorobo, magari thelathini na ving'ora. Mheshimiwa Waziri alikuwa mtu mfupi, mchangamfu, aliyepungia mkono kila upande pamoja na ule usio na watu. Alipanda jukwaani.

"Ndugu wananchi!" akasema. "Kabla ya Serikali hii, bahari ilikuwapo. Hatukatai. Lakini ilikuwa inakaa tu! Haikuwa na msimamizi. Mawimbi yalikuja yanavyotaka, yakaondoka yanavyotaka, hayamsalimii mtu. Wakoloni waliiona hali hiyo, wakaiacha. Sisi tumesema hapana! Kuanzia leo, kila wimbi litakalofika katika ufukwe huu litakuwa limefika kwa utaratibu, tena kwa ajili yenu ninyi wanyonge!"

Makofi. Akakabidhiwa mkasi juu ya mto wa hariri, akakata kamba, na turubai la kilomita nne likaanguka kwa kishindo. Upepo ukatuvamia, wenye chumvi na unyevu, ukazipeperusha kofia mia nne kwa mpigo. Watu wakapiga vigelegele. Mama Sekela alinyoosha shingo, pua zikitanuka, uso wote umefunguka.

"Limeshuka?"

"Limeshuka."

"Haya niambie. Niambie yote."

Nikafungua mdomo. Sasa fahamu kwamba meza kuu ilikuwa kati yetu na bahari, na juu yake hema, na viti vya kulia na vya kushoto sawasawa, nilivyovipanga mimi mwenyewe, na kila kiti kilikuwa na mtu mzito. Nilijiinua, nikakaa, nikajipinda. Nilichokiona ni migongo.

"Mheshimiwa amekaa katikati," nikasema. "Kushoto kwake yuko Naibu. Anafuata Meya, ana mkufu. Kulia Katibu..."

"Na bahari?"

"Kuna kipande. Kati ya shingo ya Naibu na shingo ya Meya."

"Kina rangi gani?"

Nilitazama kwa nguvu zangu zote. "Kijivu, Mama Sekela. Kinasogea kidogo."

"Kijivu," akarudia, akakiweka mahali fulani moyoni mwake.

Kisha utepe wa hospitali ukakatwa, akaletwa Bwana Hamduni na bandeji yake. Ikafunguliwa polepole, muziki ukipigwa. Akafumbua jicho moja, akafumbua la pili, akatetemeka, akapaza sauti, "Naona! Namwona Mheshimiwa!" Uwanja mzima ukalipuka. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilitokwa na machozi, maana kweli alifumbua vizuri.

"Nani huyo anayeona?" akauliza Mama Sekela.

"Mgonjwa rasmi."

Akapiga makofi. "Ashukuriwe Mungu," akasema. "Afadhali hata mmoja."

Daktari Salha alikuja anakimbia kupitia katikati ya viti, koti linapepea, akatushika mikono sote wawili. Tulikuwa wagonjwa wa kwanza wa kweli wa hospitali ile. Alimweka kwenye mashine, akaondoa nailoni mwenyewe kwa meno, akammulika. Akammulika tena. Kisha akazima mashine, akakaa kwenye kiti cha mgonjwa kana kwamba anayeumwa ni yeye. Mama Sekela ndiye aliyempapasa begani na kumwambia, "Basi mwanangu, basi. Umejitahidi."

Tulipotoka nje nilitaka kumpeleka hadi kwenye maji yenyewe, aingize japo miguu. Turubai lilikuwa linapandishwa. Bwana Mtondoo, sauti imemkauka, akatueleza kwamba ule ulikuwa uzinduzi wa awali. Uzinduzi wenyewe utafanywa na Mkuu wa Nchi, tarehe itatangazwa.

JUMAPILI

Siku ya kuondoka kila mgeni alipewa Cheti cha Kuona. Kabla ya kukabidhiwa, mgeni alitakiwa kutoa ushuhuda mfupi ukaandikwa kwenye fomu, na shahidi asaini. Tukaitwa. Bwana Mtondoo alikuwa mezani, macho mekundu, kalamu mkononi. Hakuthubutu kututazama.

"Mama," akasema, "umeona nini Ukingoni?"

Mama Sekela alifikiri. Hakuwa na haraka. "Andika hivi mwanangu. Nimeona watu wengi wazuri, wamekaa, wanangoja ruhusa. Na mmoja wao ni mume wangu."

Kalamu ya Bwana Mtondoo ilisimama hewani. Nyuma yake alikuwa amesimama Mratibu, anatabasamu. Akainama sikioni mwake, akanena kidogo. Bwana Mtondoo akaandika kwa herufi kubwa, akaigeuza karatasi kwangu. Palikuwa na maneno mawili: AMERIDHIKA SANA. Chini yake mstari wa shahidi.

Nikasaini.

"Nisomee," Mama Sekela akaniambia. "Nataka nijue wameandika nilivyosema."

Mratibu alikuwa ananitazama. Bwana Mtondoo alikuwa ananitazama. Nikaishika ile karatasi ya Serikali kwa mikono miwili, nikakohoa, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nikasoma humo maneno yake yasiyokuwamo, kwa sauti, neno kwa neno, mpaka pale aliponitaja.

"Hapo sawa," akasema, akanyoosha mkono nimwongoze mlangoni.